Hina ya Zuena

Akuoshaye hina asikucheke weupe.

Mmemsikia Bi Nunu akimwambia Mzee Hamadi maneno hayo leo asubuhi, pale mzee alipokuwa akimfokea bintiye kwa kushindwa kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, ilhali ni yeye mwenyewe aliyemwachisha shule. Mmemwona mzee alivyonywea, nanyi mkaja mbio kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Basi kaeni. Lilizaliwa hapa hapa Pangani, na lilizaliwa hivi.

Palikuwa na msichana akiitwa Zuena, binti wa Bi Tima, mjane aliyewalea wanawe kwa kuuza vitumbua. Zuena alichumbiwa na Mbwana, kijana wa nyumba yenye uwezo. Mama yake Mbwana alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba ile ilikuwa mkononi mwa dada mkubwa wa Mbwana, Salha. Huyu Salha alikuwa na msichana wake mwingine aliyemtaka awe wifi yake. Mbwana alipokataa, Salha alicheka mbele za watu, lakini moyoni donge halikushuka.

Siku ya kumpaka bi harusi hina ilipokaribia, Salha alituma ujumbe: nyumba ya Bi Tima ni finyu, bwana harusi ana aila kubwa, bi harusi aletwe apakwe huku kwao. Bi Tima hakupenda, ila alikubali ili isiwe ugomvi kabla ya nikaha. Hina aliiandaa mwenyewe. Aliyachuma majani ya mhina uliokuwa uani kwake, akayaanika kivulini, akayatwanga na kuyachekecha mpaka yakawa laini kama poda, kisha akayakanda kwa chai ya rangi na maji ya ndimu, akayaacha yachachuke. Kazi ya kupaka alipewa Bi Mosi, ambaye alikuwa somo yake Zuena, mwanamke aliyemfunda mambo ya unyumba.

Bi Mosi alipaka tangu asubuhi. Kwa njiti ya ukuti alichora maua na majani, kwanza miguuni, kuanzia vidoleni hadi juu ya vifundo, kisha mikononi, ndani na nje, hadi karibu na viwiko. Alipomaliza ilikuwa imeingia alasiri.

"Sasa sikiliza, mwanangu," alimwambia. "Usiguse maji. Ikianza kukauka, itiwe maji ya ndimu na sukari kwa pamba ili isibanduke. Ulale nayo. Kesho tutaikwangua, hatuioshi. Nitakupaka mafuta ya nazi na kukufukiza karafuu, na hapo utaiona rangi inavyopanda."

Kisha akaenda kwake kuswali na kupumzika mgongo. Bi Tima naye alikuwa amerudi nyumbani kupokea wageni wake.

Hawajafika mbali, Salha akaingia chumbani. Mchana ule watu walikuwa wamekula pilau, na vyombo vilikuwa vimerundikana karoni.

"Bi harusi, hebu toka unisaidie vile vyombo."

Zuena alidhani ni utani. Akainua mikono yake. "Wifi, hina bado mbichi."

"Hina ni majani. Vyombo ni kazi. Au umekuja hapa kuwa pambo?"

"Bi Mosi amesema nisiguse maji, wifi. Nitaviosha vyote kesho, Mungu akipenda."

"Hata hujaolewa umeshaanza kunijibu! Ndivyo mama yako alivyokufunza?"

Zuena alikuwa amefundwa kwamba maneno ya nyumba ya mume hayatolewi nje, na kwamba mke mpya hujenga kwa subira. Aliinuka. Alichutama karoni, akaingiza mikono ndani ya beseni. Hina ya mama yake ikamomonyoka vipande vipande, ikaelea pamoja na mafuta ya pilau na punje za wali. Machozi yalimlenga, lakini sahani alizisugua zote. Bi Mosi aliporudi magharibi aliambiwa bi harusi amelala, asiamshwe. Kesho yake asubuhi, Salha alimtuma mtu kumwambia kwamba hina wameshaikwangua wenyewe, asijisumbue.

Nikaha ikafungwa. Siku ya pili bi harusi akatolewa nje, naye akapambwa na kukalishwa juu ya kiti. Wanawake wa mji mzima walijaa sebuleni, na kama ilivyo desturi, wakaja kumtazama mikono. Wakaigeuza huku na huku, wakatazamana. Maua ya Bi Mosi yalikuwa mabaka tu, rangi yake ya chai iliyozidishwa maziwa.

Salha ndiye aliyepaza sauti.

"Jamani, msishangae! Ndivyo alivyokuja. Hina ya kuokoteza hiyo, wameiponda na vumbi. Na wazee husema, hina ikikataa mkono, mwenye mkono hana kheri na mume. Mimi nilisema mapema, nikaambiwa nina kijicho."

Baadhi wakacheka. Bi Mosi akainamisha uso. Bi Tima, aliyekaa karibu na mlango, akavuta kanga yake akajifunika mdomo, na mabega yakaanza kumtetemeka.

Zuena alimwona mama yake. Kwa nafsi yake angevumilia. Angekunywa maneno yale kama alivyoyanywa ya karoni. Lakini mama yake alikuwa amechoma mikono kwa vitumbua miaka yote ile ili asimpeleke mtoto wake kwa watu akiwa na upungufu, na leo anaitwa mponda vumbi! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwia moto. Akasimama, bi harusi ambaye hakutarajiwa hata kuinua macho.

"Wifi Salha, nani aliyeniosha hina hii?"

"Nijuaje mimi? Labda ulijiosha mwenyewe kwa uchafu wako."

Zuena aliinama, akaipandisha kanga mpaka juu ya vifundo, akaitoa miguu yake mbele ya watu. Maua yalikuwa yamekolea, mekundu ya kuiva, yanakaribia weusi.

"Tazameni," alisema. "Hina ni ile ile ya mama yangu. Mkono ulioipaka ni ule ule wa Bi Mosi, na siku ni ile ile. Tofauti ni moja tu: miguu yangu haikuambiwa ioshe vyombo vya nyumba hii."

Mwanamke mmoja aliyekuwa mpishi wa harusi akasema kwa sauti, "Ni kweli. Mimi nilimwona karoni na hina yake mbichi. Nikadhani wenyewe mmeridhiana."

Zuena akamwelekea Salha.

"Uliponiosha nilinyamaza, wifi. Lakini kuniosha unioshe wewe, kisha unicheke wewe, hilo hapana. Akuoshaye hina asikucheke weupe."

Wanawake wakalipokea neno lile kwa kishindo. Aliyekuwa akicheka akaona haya, na Bi Tima akajifunua uso.

Jioni ile Salha alileta hina nyingine na mpakaji mwingine, apate kuifunika aibu. Zuena alikataa. "Acha mikono iwe hivi. Anayeuliza nitamjibu." Na fungate nzima kila aliyekuja kumpa mkono aliuliza, naye akamjibu kwa maneno yale yale. Mbwana alipoyasikia, alikabidhi funguo za nyumba kwa mkewe, na Salha akahamia kwa shangazi yake kule Muheza. Mabaka yalifutika, miguu ikapauka, lakini neno lilikuwa limeshatoka sebuleni. Lilikwenda sokoni, likaenda mashambani, kila mahali ambapo mtu humnyima mwenzake kitu kisha akamcheka kwa kukosa kitu hicho hicho.

Kwa hiyo, wanangu, mkimwona mtu wa namna hiyo, msinyamaze kama Zuena alivyonyamaza karoni. Mwambieni mbele za watu, kama alivyosema sebuleni: akuoshaye hina asikucheke weupe.