Hodi ya Nne

Hodi ya nne huvunja mlango. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu Gwamaka jana alasiri, alipokuwa akimpigia mama yake simu kwa mara ya kumi na moja. Asubuhi alikuwa amemjibu mama yake vibaya, mama akaondoka kwenda kazini bila kuaga, na sasa simu ilikuwa ikiita tu. Dada yake Sekela akauliza, "Bibi, hiyo methali umeitoa wapi? Shuleni hatujaisikia." Nikawaambia wakae. Methali hii ilizaliwa mikononi mwa mama yao, na mimi nilikuwepo.

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya huku kwetu milimani. Zahanati saba tulitumia daftari moja la wagonjwa, lakini si la karatasi. Lilikaa ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa iliyokuwa mjini, mbali, na ndani ya seva hiyohiyo walikaa wapangaji wengine tusiowajua, waliokodi nafasi kama sisi. Mama yenu, Atupele, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na chakula hakikumpita kooni ikiwa kuna tatizo halijatatuliwa.

Daftari likaanza kuwa zito. Ukiandika jina la mgonjwa, unasubiri mpaka chai inapoa. Mara linafunguka, mara linakatika. Nikamlalamikia mwanangu: "Vidole vinaniuma kwa kubonyeza. Nifanyie jambo, mama." Akanionea huruma, akaandika kijiprogramu: daftari lisipojibu, kompyuta iombe tena yenyewe kila baada ya sekunde tano. Akakiweka katika zahanati zote saba. Mambo yakaharibika zaidi. Akawalaumu wapangaji wenzetu, akailaumu mvua, kisha zile sekunde tano akazifanya moja. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Mimi ndiye niliyemharakisha.

Jumanne moja akaja mama amembeba Lusajo, mtoto wa miaka minne mwenye kifafa. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Dawa ilikuwa imeisha, na kadi ilikuwa imelowa mvua ikawa uji. Wiki mbili nyuma, zahanati nyingine ilikuwa imembadilishia kipimo, ila mama hakukumbuka kama kiliongezwa au kilipunguzwa. Nikizidisha, ninamdhuru. Nikimnyima, kifafa kitamwangusha njiani. Niliwapigia wenzetu wa zahanati ile, kumbe nao walikuwa wanalisubiri daftari hilohilo.

Atupele, aliyekuwa nami pale siku hiyo, akampigia mtunza seva, Mzee Lugano, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Shikamoo mzee. Seva yenu imekufa!"

"Marahaba, mwanangu. Haijafa, imezingirwa. Ngoja niwatazame waliosimama mlangoni." Nikamsikia akihesabu. "Wako mia tatu na kumi na wawili. Wapangaji wenzenu ni kumi na wawili. Waliobaki wametoka kwenu."

"Haiwezekani, mzee. Kompyuta zetu ni tisa tu."

"Ni kweli, tisa. Hebu niambie, kwenu mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, anafanyaje?"

"Anarudi zake. Au anakaa barazani anasubiri."

"Na kompyuta zako?"

Hapo Atupele akaona. Kila ombi lililokosa jibu lilikuwa limebaki limesimama pale mlangoni, na nyuma yake likaja jingine, na jingine, kila sekunde. Waliouziba mlango tulikuwa sisi wenyewe.

"Ni mimi, mzee," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka kumsaidia mama."

"Najua. Asiyejali hurudi kwao hodi ya kwanza. Sasa zima hicho kijiprogramu, na uwaambie wenzako wazime. Mimi nitawaondoa hawa mlangoni."

Wakazima. Tukakaa mikono mapajani bila kugusa kitu, na katika uuguzi wangu wote sijaiona kazi ngumu kama ile. Lusajo alikuwa amelala begani kwa mama yake. Baada ya dakika kumi hivi nikaandika jina lake, mara moja tu, na daftari likafunguka. Kipimo kilikuwa kimepunguzwa kwa nusu. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nimpe kile cha zamani. Nikapima nusu hiyo huku Atupele amenishikia chupa ya dawa.

Baadaye aliandika upya: kompyuta iombe mara tatu, kila mara ikisubiri zaidi, kisha inyamaze. Akabandika karatasi kwenye meza ya kila zahanati: Hodi ya nne huvunja mlango. Wauguzi wakaipeleka majumbani kwao, na siku hizi hata wauza ndizi wanaisema kana kwamba ni yao.

Gwamaka akaitazama simu. "Kwa hiyo mama hajanichukia?"

"Akuchukie wewe? Umeshabisha, amesikia. Kaa barazani."

Akaiweka simu mezani, akaikalia mikono yake isije ikamponyoka. Nilimhurumia, lakini sikumsaidia. Chai yake ikapoa, Sekela akainywa, na yeye hata hakuona.

Simu ikaita. "Mama, nisamehe," akasema kabla hata ya kusalimu. Sikuyasikia aliyojibiwa, ila nilimwona akicheka huku anafuta pua kwa mkono wa shati. Alipomaliza akaja kuniegemea.

"Bibi, mama anasema alikuwa ananiandikia ujumbe tangu saa nane. Kila akianza, simu yangu inaingia na maneno yanampotea."

"Sasa unasemaje?"

Akaona aibu kidogo, kisha akasema, "Hodi ya nne huvunja mlango."