Mama Aliyefichwa Ndani ya Gogo

Hapo zamani, zamani ambazo hata wenye mvi hawakuzikuta, palikuwa na mji uitwao Kiwandeo. Sultani wake, Mwinyi Chande, alijenga ukuta mrefu wenye vidaka, ili kila mwenye kazi ya mkono aiweke hapo itazamwe. Mpita njia akiipenda kazi, huiachia ua la asumini. Basi ukuta ukapendwa mno, ikawa watu hawapiki wala hawafui, wapo ukutani kutwa wakitazama nani kapata maua.

Mkaguzi wa ukuta alikuwa Bwana Mngwame, mtu wa pupa, na amri aliyopewa ilikuwa moja: mwili usio na nguo usionekane. Kazi zilikuwa nyingi, naye hakuwa na muda wa kutazama, ikawa kila kilichoviringana anakitupia shuka. Alikwisha kuyavisha mapapai mawili ya udongo, na mfinyanzi wake hakujua alie au acheke.

Siku moja Shekue, mchongaji fukara asiye na kitu ila tezo na patasi, akaweka sanamu ya marehemu mkewe, Mwanakheri, akimnyonyesha mtoto wao. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imejaa asumini mpaka magotini. Mngwame akaivamia, akaitia ghalani, akataka ichomwe. Shekue akakimbilia kwa Sultani roho juu, maana hakuwa na sura nyingine ya mkewe duniani.

"Ewe mchongaji," akasema Sultani, "amri ni amri. Nichongee mama mwingine anyonyeshaye, na mwili wake usionekane hata kidole. Ukiweza, chukua sanamu yako. Ukishindwa, itakuwa kuni za jiko langu, nawe hutashika tezo tena. Nakupa siku tatu."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu," akajibu Shekue.

Siku ya tatu akaja amejitwika gogo la mninga na magome yake, akalibwaga mbele ya kiti cha enzi.

"Mama yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Yumo humu ndani, bwana wangu, na mwanawe kifuani. Sisi wachongaji hatuongezi kitu katika mti, kazi yetu ni kuvua tu. Twavua gome, twavua mti, hata mtu atokee. Nawe umeamuru asionekane, basi nimemwacha na nguo zake zote."

Kabla Sultani hajajibu, Mngwame, aliyesimama kando ya kiti, alikwisha kuruka na shuka mkononi, maana aliona vifundo viwili vya mti vimekaa sambamba.

"Astaghafiru! Mbele ya Sultani!" akapiga kelele, akalifunga gogo barabara.

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia mapajani. "Mngwame, wewe unavisha kuni!"

Akaagiza sanamu itolewe ghalani. Ilipoletwa akaisogelea, akaitazama, na mama yule ameinama akimwangalia mwanawe, hana habari na mtu.

"Nami nusura nimchome," akasema Sultani kwa aibu.

Akamrudishia Shekue sanamu yake, akamvika joho, akampa kidaka cha mbele. Mngwame akaamriwa aketi mbele ya sanamu siku tatu, bila shuka, atazame tu. Siku ya kwanza alifumba macho. Siku ya pili alichungulia kati ya vidole. Siku ya tatu wapita njia wakamkuta ameshika upepeo wa ukindu, anamfukuzia nzi mtoto wa mti, asije akaamka.