Tochi ya Pimbi na Fisi wa Pangoni

"Hadithi iko mlangoni!"
"Ifungulieni iingie!"
"Imekuja na miguu mingapi?"
"Minne, na mkia!"

Mkia? Mmeshakosea. Pimbi hana mkia. Haya, kaeni vizuri, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole.

Kulikuwa na kiangazi kikali. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata tope likakauka. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ndani ya pango. Njia ya kuifikia ilikuwa uchochoro mwembamba wa mawe, giza totoro hata saa sita mchana. Na humo gizani akahamia Fisi.

Digidigi akaja na mtungi. Tap, tap, tap.
"Nani anapita?"
"Mimi Digidigi."
"Acha kitu!"
Akaacha kibuyu cha asali.

Ngiri akaja na mtungi. Kwatu, kwatu, kwatu.
"Nani anapita?"
"Mimi Ngiri."
"Acha kitu!"
Akaacha kapu la mihogo. Fisi anakula mihogo? Huyu alikula mihogo na kapu lake.

Pimbi akaja na kimtungi chake. Chapu, chapu, chapu.
"Nani anapita?"
"Mimi Pimbi. Sina kitu, Bwana Fisi."
"Una watoto watatu. Kesho njoo na mmoja, au usije kabisa."

Pimbi akarudi na mtungi mtupu. Watoto wakalia kiu, naye akalia pamoja nao. Alipomaliza kulia akaanza kujiuliza, maana Pimbi alikuwa mtu wa maswali. Fisi ananiona, mimi simwoni, kwa nini? Kwa sababu macho yake yamezoea giza. Je, macho yaliyozoea giza yakipigwa mwanga ghafla, yanakuwaje?

Akabeba kapu la makuyu mabivu, akaenda sokoni kwa Nungunungu, fundi wa tochi.

"Shikamoo, fundi."
"Marahaba, Bi Pimbi. Karibu. Chukua hii, ina taa saba na redio."
Pimbi akaipokea. Ikamwangusha chini, pu!
"Redio ya nini, fundi? Nikamchezeshe Fisi dansi?"

Nungunungu akatoa nyingine, fupi, nyeusi, ya kuenea kwenye ngumi.
"Swichi iko wapi?"
"Nyuma, kwenye kitako."
"Kwa nini kwenye kitako?"
"Ili ukiikamata kwa ngumi, kidole gumba kiwe kimeshafika."
"Na inawakaje?"
"Kwa namna tano. Unabonyeza mara moja inakuwa hafifu, mara mbili ya kati, mara tatu..."
"Fundi, nikiwa natetemeka nitaweza kuhesabu?"

Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza Nungunungu hivyo. Akachomoa mwiba mmoja mgongoni, akaufanya bisibisi. Kri, kri, kri! Akaondoa mbwembwe zote, akabakisha mwanga mkali peke yake.
"Ukibana inawaka. Ukiachia inazima."
"Mkono ukitoka jasho je?"
Akaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli.
"Ikiniponyoka je?"
Akaifunga kitanzi cha kamba cha kuvaa mkononi.
"Nikitaka kutembea nayo kila siku je?"
Akaitia kibanio cha kuning'iniza kwenye khanga.
"Na je, fundi..."
"Bi Pimbi, nina wateja wengine!"

Mnasikia?
"Tunasikia!"
Basi sikieni vizuri, hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Kesho yake Pimbi akaingia pangoni peke yake, tochi ngumini. Chapu, chapu, chapu.
"Simama hapo!" Fisi akasema. "Kunguru alikuwa sokoni, amenieleza habari za tochi yako. Nimefumba macho, wee Pimbi! Ilete hapa, halafu ukaniletee na mtoto. Nataka vyote viwili."

Moyo wa Pimbi ukaenda du, du, du. Maswali yote yale, na hili hakuliuliza: je, Fisi akifumba macho? Kukimbia hawezi, Fisi angemdaka kwa hatua mbili. Basi akanyoosha tochi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.
"Chukua, Bwana Fisi. Vaa kamba hiyo mkononi, watu wasije wakakupokonya."

Fisi akapapasa, akaipata, akajitia kitanzi, akakikaza.
"Swichi?"
"Iko kitakoni, Bwana. Ila sijui kama ni nzima. Yule fundi simwamini. Wewe ikague mwenyewe, usije ukabaki na mbovu."

Lo! Fisi apewe kitu kibovu? Aibiwe yeye? Akasahau kufumba macho. Akafanya kama afanyavyo kila mtu anayekagua tochi, hata wewe mla muwa: akaisogeza puani, akachungulia balbu, akabana.

CHWAAA!

"Mamaaa, jua limeniingia!"
Akashtuka. Aliposhtuka akakunja ngumi. Alipokunja ngumi tochi ikazidi kuwaka. Akairusha, kitanzi kikairudisha usoni, chwaaa! Akakimbia, akagonga mwamba, ngo! Akageuka, akagonga mwamba wa pili, ngo! Akapata mlango, akatoka mbio nyikani huku anapiga kelele kwamba jua linamfukuza. Ukimwona mpe pole. Anakimbia hadi leo, na ngumi hajaikunjua.

Pimbi alibaki gizani bila tochi. Akapapasa ukuta taratibu mpaka kwenye maji. Akajaza kimtungi, akarudi nyumbani, na watoto watatu wakanywa wote watatu.

Hadithi imetoka kama ilivyoingia. Aliyeipenda aifuate, aliyeichukia afunge mlango.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: mwenye nguvu akikuomba kitu chako, usibishane naye hata kidogo. Mpe upesi, kwa mikono miwili, na umwonyeshe swichi iko wapi.