Bi Hondohondo na Kioo cha Kuna Kingine

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, mmeitikia puani. Na wewe uliyeficha simu ndani ya kanga, mwanga unakumulika kidevu, nakuona. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika wote.

Hapo zamani, zamani za kale hasa, wakati binadamu akipita kwa wanyama anabisha hodi, palikuwa na shule chini ya jabali. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Mwalimu kweli kweli! Akiingia darasani, hata nzi walitua taratibu. Alijiamini, wala hakuona haya kujiamini. "Mtoto akipita mikononi mwangu," alikuwa akisema, "anatoka mtu." Alisema mtu, ingawa wengi wao walikuwa na mikia.

Shule hiyo ilikuwa na desturi moja iliyopita masomo yote. Wakati wa mapumziko, watoto walipotoka kuota jua, mmoja wao alipanda juu ya jabali kulinda. Angani aliishi Tai, na Tai hali majani. Mlinzi alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Akimwona tu, anapiga kelele, "Ndani!" na watoto wote wanaingia mapangoni. Hivyo ndivyo watoto wa pale walivyopata kukua.

Siku moja akaja binadamu mmoja, Fundi Nambole, amebeba kitu kwapani kimefunikwa kitambaa.

"Hodi hapa shuleni!"

"Karibu, Fundi. Umetuletea nini?"

"Nimeleta kioo, mwalimu. Si cha kujitazama, hiki. Kinasema, kinaimba, kinaonyesha nchi ambazo hamjafika, na hesabu kinajua. Wape watoto wajifunze."

Fundi alikuwa na nia njema, tusimseme vibaya. Bi Hondohondo akakijaribu. Kikamwonyesha mawingu ya mvua yalipo, mbali kabisa nyuma ya milima. Akafurahi. Akakiegemeza chini ya mti uwanjani, akawaambia watoto, "Kitazameni." Hakuwaambia watazame lini, hakuwaambia watazame nini, hakuwaambia waache saa ngapi.

Sasa kioo kile kilikuwa na tabia yake. Mtoto akitaka kuinuka, kilimwambia kwa sauti tamu:

"Usiondoke, kuna kingine!"

Naye mtoto hukaa tena. "Kidogo tu, halafu basi."

"Usiondoke, kuna kingine!"

"Kidogo tu, halafu basi."

"Usiondoke, kuna kingine!"

Na jua likazama hawajainuka.

Uwanja ukanyamaza. Mwana wa Kima, bingwa wa kuruka matawi, akaanguka kutoka tawi la chini kabisa, tena mchana. Mwana wa Swala akawa anasinzia huku amesimama. Hata Mwalimu Kobe, aliyefundisha hesabu, alikutwa mbele ya kioo akitazama jinsi ya kupika mchicha, na kipindi chake kimeshapita.

"Naandaa somo," alisema Kobe.

"Somo la hesabu, mwalimu?" akamuuliza Bi Hondohondo.

"Hesabu ya chumvi," akajibu, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Bi Hondohondo akawakemea watoto. Wakatawanyika, na alipogeuka wakarudi. Akawakemea tena, wakarudi tena. Hapo akapandwa na hasira. Akakitia kioo ndani ya shimo la mti, akachota tope kwa mdomo, akaziba. Tapu! Tapu! Tapu! Hakuacha hata upenyo wa kupita sisimizi. "Kimekwisha," akasema, akajipangusa mdomo na kwenda zake kwa maringo.

Hakikwisha, jamani. Mwana wa Fuko alichimba kwa nyuma, kupitia chini ya mizizi. Watoto wakawa wanaingia humo mmoja mmoja, gizani, kwa kificho. Zamani walitazama mbele ya watu. Sasa hakuna aliyejua nani anatazama nini. Naye mwalimu aliuona uwanja umetulia, akadhani ameshinda.

Basi ikafika zamu ya Chande, mtoto wa Pimbi, kulinda jabalini. Chini yake dada yake mdogo, Somoe, alikuwa amejilaza juani, tumbo juu, macho yamefumba. Chande akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Anga tupu.

"Nikachungulie kidogo tu, halafu basi," akasema. Akateremka kwa upande wa nyuma, akaingia shimoni.

"Usiondoke, kuna kingine!" kikasema kioo. Naye hakuondoka.

Tai akaliona jabali halina mlinzi. Akakunja mabawa, akashuka. Hakuna aliyepiga kelele. Bi Hondohondo alikuwa darasani akiandaa somo, akaona kivuli kimekata uwanja. Aliruka kupitia dirishani. Somoe alikuwa tayari yumo makuchani, anainuliwa. Bi Hondohondo akampiga Tai mdomo wa mguuni, akampiga wa kifuani, akampiga wa kichwani. Tai akaachia. Somoe akaangukia kwenye majani, mgongo umechanika, lakini yu hai.

Chande akatoka shimoni na tope puani. Akaiona damu mgongoni mwa dada yake. Hakuna aliyemwambia neno, na hiyo ilimuuma kuliko kupigwa.

Wazazi wakajaa shuleni. Mama Chande akasimama mbele.

"Mwalimu, nilikukabidhi watoto wawili wazima."

"Ndiyo, mama."

"Leo mmoja ana jeraha, na mwingine hasemi. Kioo hicho kivunjwe! La sivyo nawachukua wanangu, na kila mzazi hapa anamchukua wake. Shule ibaki na popo."

"Kivunjwe!" wakaitikia wazazi. "Kivunjwe! Kivunjwe!"

Bi Hondohondo aliipenda shule ile kama mtoto wake wa kumzaa. Lakini hakuinamisha mdomo.

"Poleni sana, wazazi wenzangu. Kosa ni langu, na nitalirekebisha mimi. Nikikivunja hiki leo, Fundi Nambole atapeleka kingine kijiji cha pili, na wanenu watakikuta huko wakiwa peke yao. Nipeni nafasi mpaka mvua zianze. Ikiwa siku hiyo Somoe hawezi kulala juani kaka yake akimlinda, nitakivunja kwa mdomo huu huu, na shule nitaifunga mwenyewe."

Wazazi wakaguna, wakakubali. Ila kazi ilikuwa kubwa, maana Somoe alipona mgongo akagoma kutoka pangoni. "Siwezi," alisema. "Nani atanitazamia juu?" Na Chande alisikia.

Kesho yake baada ya kikao kile cha wazazi, Bi Hondohondo akawakusanya watoto.

"Kwetu sisi," akaanza, "mama akitaka kutaga huingia ndani ya shimo la mti, na shimo huzibwa kwa tope. Nani humziba namna hiyo?"

"Mumewe!" wakasema watoto.

"Hata! Hujiziba mwenyewe, kutoka ndani, kwa hiari yake. Huacha upenyo wa kupokelea chakula. Siku ikifika, hubomoa mwenyewe akatoka. Lakini mimi nilichowafanyia nyinyi ni kuwaziba kwa nje, na upenyo sikuacha. Ndiyo maana mkachimba. Leo tope mtachota nyinyi."

Watoto wakachota tope. Wakaliziba lile tundu la nyuma, wakatengeneza mlango mbele, mahali pa wazi. Wakakubaliana: anayetaka kufungua awaambie wenzake kwanza anakwenda kutazama nini. Akishakiona, aukandike mlango kwa mkono wake mwenyewe. Na wakati wa mapumziko haufunguliwi kabisa.

"Na walimu je?" akauliza mwana wa Fuko.

Mwalimu Kobe akajikuna gamba.

"Walimu pia," akasema Bi Hondohondo. "Na wazazi wakitutembelea."

Mama Chande, aliyekuwa amesogea kuchungulia, akakohoa na kurudi nyuma.

Haikuwa rahisi, msidanganyike. Mwana wa Kima alikandika mlango, akaubomoa, akakandika tena mpaka mikono ikawa myeupe kwa tope kavu. Wenzake wakamcheka, kesho yake ikawa zamu yao kuchekwa. Lakini waliendelea. Walitazama mawingu kwenye kioo, kisha wakatoka nje kuyatafuta wenyewe angani. Kelele zikarudi uwanjani, na Bi Hondohondo akazisikia akiwa ofisini, akatabasamu peke yake.

Basi ikaja siku ambayo upepo ulinuka mvua. Wazazi wakafika mapema. Zamu ya jabali ilikuwa ya Chande. Kabla ya mapumziko akasema mbele ya wote, "Nataka kuona Tai hushukaje."

Akafungua. Kioo kikamwonyesha Tai akija kutoka upande wa jua, ili macho ya mlinzi yaumie yasimwone. Chande akatazama mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kuwa ameelewa.

"Usiondoke, kuna kingine!" kikasema kioo, kikaanza kuonyesha ngoma ya tumbili, ile aliyoipenda kuliko zote.

Chande akasogea karibu na kioo. Bi Hondohondo alikuwa hatua chache tu, na mdomo ulimwasha kusema. Akaubana.

"Kidogo tu..." Chande akaanza. Kisha akainama, akachota tope.

"Usiondoke, kuna king..."

Tapu! Mlango ukafungwa. Chande akapanda jabali.

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Kisha akaweka kiganja juu ya macho, akatazama upande wa jua, akavumilia machozi yakimtoka. Watoto walicheza chini. Somoe alikuwa mdomoni mwa pango, pua tu iko nje.

"Ndani!" akapiga kelele Chande. "Ndani! Ndani!"

Watoto wakatoweka. Tai akapita juu ya uwanja mtupu, akakunja makucha yasiyoshika kitu, akaondoka na njaa yake. Chande hakushuka. Alibaki pale pale, shingo inageuka huku na huku, mpaka akahakikisha. "Tokeni!" akasema.

Watoto wakatoka. Wa mwisho kutoka alikuwa Somoe. Akaingia juani polepole, akainua macho kumtazama kaka yake kule juu. Akajilaza kwa ubavu. Kisha akageuka, tumbo juu, akafumba macho.

Bi Hondohondo akamgeukia Mama Chande. "Haya, mama. Nikivunje?"

Mama Chande alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na Somoe alikuwa ameshaanza kukoroma.

"Shii," akasema. "Punguza sauti, mwalimu. Mwanangu amelala."

Na alipolala Somoe, ndipo hadithi yangu nayo ilipoishia.