Maji Yaliyosimama Hayaleti Habari

Maji yaliyosimama hayaleti habari. Methali hii msiwasingizie wahenga, hawaijui. Ilitoka kwenye kosa langu mimi, Sekunda Mligo, shangazi yenu, na ilianza hivi.

Lakini ngojeni kwanza. Mnasema jana kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu alijisifu kwamba mwaka mzima hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelalamika, ndipo mzee mmoja wa nyuma akasimama, akaisema hiyo methali, akakaa. Watu wakacheka, na nyie mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, kaeni vizuri, na wewe zima hiyo simu. Nikishaanza sirudii.

Miaka ile nilikuwa fundi wa sauti kwenye studio ya Wendelini Mgaya, hapahapa Njombe, chumba kimoja nyuma ya duka lake la mbegu. Tulirekodi kwaya, matangazo ya mnada na salamu za harusi. Wendelini ndiye aliyekuwa mwenye studio, ila mwenye ujuzi nilikuwa mimi, na nilihakikisha kila anayeingia anajua hivyo. Sasa hivi mnaniona mpole, ni magoti tu yanauma.

Wendelini alinunua kompyuta kubwa ya kusafishia sauti, ya aina inayopozwa kwa maji. Ndani yake mlikuwa na tangi dogo la maji, na pampu. Pampu iliyasukuma maji kwenye mipira mpaka kwenye prosesa, yaani pale kompyuta inapofikiria na kupata moto. Maji yalibeba ule moto, yakaenda kwenye rejeta kama ya gari, feni zikayapuliza yakapoa, kisha yakarudi tangini. Mzunguko huo haukatiki kompyuta ikiwa inafanya kazi.

Taabu yake ilikuwa kelele. Feni zilivuma, na pampu ilikuwa na mlio mwembamba wa mbu aliyeingia sikioni. Kompyuta ilikuwa chumba kimoja na maikrofoni, kwa hiyo kila kwaya tuliyoirekodi ilikuwa na mbu wake. Wateja walianza kunung'unika, na mimi sikupenda kunung'unikiwa.

Basi nikakaa na akili zangu. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi unakuta sakitu, umande ulioganda, nyeupe juu ya majani, mji mzima ni friji. Nikasema, baridi yote hii ya bure, ya nini kuihangaisha pampu? Nikaweka kipimajoto ndani ya tangi, nikaiagiza kompyuta hivi: maji yakiwa ya baridi, pampu na feni zipunguze mwendo mpaka karibu na kusimama, maji yakipata moto, vyote viongeze. Nikaijaribu nusu saa bila kuipa kazi yoyote. Kimya. Nilifurahi mpaka nikajipikia chai.

Wendelini alisimama mlangoni akiwa na vumbi la mbegu mikononi. Akauliza kwa upole kama si salama zaidi pampu iende mwendo uleule siku zote, nikacheza na feni peke yake. Nilimjibu kwamba yeye auze mahindi. Akarudi kwenye mbegu zake, alikuwa mtu wa amani.

Siku ya tatu yake akaja Mama Osmunda Luhanga.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mjane mkimya kuliko wote mjini hapa, hata akila husikii kijiko. Mwanawe wa pekee, Ladislausi, alifanya kazi kiwanda cha chai mbali na hapa, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, badala ya barua alimtumia kaseti. Ilikuwa desturi ya watu wengi wakati huo. Unaongea kwenye redio kaseti, unampa kondakta wa basi, mama anasikiliza salamu zake akiwa jikoni. Ladislausi alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, na kaseti zote zilikuwa zimeliwa na redio au kuoza kwa unyevu. Ilibaki moja, na huyo mama aliileta kwenye kopo la uji, imeviringishwa kwenye kitambaa kama kichanga.

Nikaifungua. Utepe ulikuwa unapukutika, unga wa kahawia ukabaki kidoleni. Nikamwambia ukweli: kaseti hii itacheza mara moja tu, kichwa cha redio, kile chuma kinachosoma utepe, kitaikwangua ikiwa inapita, na kompyuta ndiyo itakayoidaka sauti. Baada ya hapo hakuna kaseti tena. Akaitikia kwa kichwa. Wendelini akanivuta pembeni, akaniomba niweke na kinasa kidogo cha pili, kwa tahadhari tu. Nikamuuliza kama ananiamini au haniamini. Mungu anisamehe, nilimuuliza hivyo mbele ya mteja.

Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa umeziba dirisha, huoni hata ukuta wa jirani. Nilimkalisha Mama Osmunda kwenye kigoda karibu na kompyuta. Nikiwa naunganisha nyaya, akanieleza bila kuulizwa. Ladislausi alikufa hospitali, siku moja kabla ya kupasuliwa. Madaktari walikuwa wamekataza asipewe maji. Aliyaomba siku nzima, na mama mtu ndiye aliyekuwa akimkatalia. Alilisema hilo kama mtu anayesema bei ya nyanya. Mji mzima ulijua kwamba Mama Osmunda alishapoa, hata msibani hakulia, na watu waliacha kwenda kumtazama kwa sababu hiyohiyo.

Nikabonyeza. Sauti ya Ladislausi ikatoka.

Niwaambie, nimerekodi watu mamia kwa mamia, lakini sauti ile ilinisimamisha nywele za mikono. Alisema, "Kamwene, mama," salamu ya kwetu, kisha akaanza kusimulia habari za baridi ya huko, za viatu alivyonunua, za kuku wa jirani. Kijana mchangamfu, anaongea haraka, anacheka katikati. Ukiiacha sauti yake, chumba kilikuwa kimya kabisa. Feni zimenyamaza, pampu haisikiki. Kwenye skrini nilikuwa nimeweka namba moja tu, kubwa, ya joto la maji. Digrii kumi na tano. Kompyuta ilikuwa inanasa na kusafisha kwa wakati mmoja, kazi nzito kuliko zote nilizowahi kuipa, na maji bado digrii kumi na tano. Nikajipongeza moyoni.

Dakika ya tisa au ya kumi hivi, nikasikia mtu anakunywa maji.

Si mchezo. Ulikuwa mlio wa koo linalogugumia maji, taratibu, mara moja, kisha kimya, kisha tena. Nikadhani ni kwenye kaseti. Nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza: Ladislausi anaongea tu, hakuna anayekunywa. Nikavua. Mlio ukarudi, pale chumbani, kati yangu na yule mama. Nikatazama mikono yake, haikuwa na kikombe.

Mama Osmunda alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kompyuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Anakunywa," akaniambia.

Nikatazama namba. Kumi na tano.

"Hakuna kitu, mama," nikasema. "Kila kitu kiko sawa."

"Ana kiu, mwanangu. Mwongezee."

Nilimwona kama mwanamke aliyechanganyikiwa na majonzi. Nikatazama tena namba yangu, na namba ikaniambia kila kitu kimetulia. Ule mlio ukawa wa haraka, kugugumia juu ya kugugumia, mtu anayekunywa bila kupumua. Yule mama akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta kama anavyoshikwa mgonjwa paji la uso, akakiondoa upesi.

"Anaungua," akasema.

Kabla sijafungua mdomo, kompyuta ikajizima. Skrini nyeusi. Kaseti haikujua, ikaendelea kuzunguka, ikijikwangua yenyewe, na sauti haikuwa inakwenda popote. Kwa haraka nikabonyeza kitufe kisicho chake, kile cha kuukimbiza utepe mbele. Nilipofanikiwa kuisimamisha ilikuwa imefika mwisho, na kwenye kile kichwa cha redio mlikuwa na kilima kidogo cha unga wa kahawia. Kompyuta imezimika, hakuna umeme ndani yake, lakini tukaisikia wote watatu, maana Wendelini alikuwa ameshakimbilia mlangoni. Ikagugumia tena mara moja. Kisha basi.

Ilipopoa tuliiwasha. Ilikuwa imehifadhi dakika kumi na moja. Kaseti nzima ilikuwa ya dakika thelathini. Nilijaribu kuicheza tena, ikatoa mvumo wa mvua na hakuna mtu ndani yake. Nilimkabidhi Mama Osmunda zile dakika kumi na moja, naye akanishukuru. Heri angenitukana. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia kwenye magunia ya mbegu, na Wendelini hakunikumbusha kinasa cha pili hata siku moja.

Wiki nzima niliifumua ile mashine. Nikagundua kwamba kipimajoto hakikudanganya. Kwa baridi ya siku ile, pampu ilipunguza mwendo mpaka ikasimama kabisa. Maji ya tangini yakabaki tangini, ya baridi, na kipimajoto kikayapima hayohayo. Maji yaliyokuwa juu ya prosesa yakabaki hukohuko yanachemka, na huko ndiko kulikokuwa kunagugumia. Moto haukuwa na wa kuuleta tangini. Kadiri kulivyowaka kule, ndivyo huku kulivyosema kumetulia, na ndivyo pampu ilivyozidi kulala. Mimi ndiye niliyeiagiza hivyo.

Niliirekebisha. Pampu nikaipa mwendo mmoja usiobadilika, mchana na usiku, maji yawe baridi yawe moto, na feni peke yake ndizo nikaziacha zifuate joto la maji. Kelele ya mbu tukaimaliza kwa kuihamishia kompyuta dukani na kupitisha nyaya ukutani, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya tangu mwanzo.

Kisha nikaenda kwa Mama Osmunda kumweleza. Sikutumwa na mtu, nilishindwa kulala tu. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyie: tangi, pampu, maji yaliyosimama, namba ya kumi na tano. Nikamwambia, mama, wewe uliniambia na mimi nikaiamini namba. Sikuficha kitu.

Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje. Nikadhani hakunielewa.

"Kwa hiyo maji yaliyosimama hayaleti habari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile hospitali," akasema, "Ladislausi aliomba maji tangu alfajiri. Mchana akaacha. Akalala pale, macho yamefumba, katulia. Nikamwambia mgonjwa wa jirani, mwanangu amepata nafuu. Nikatoka kuanika nguo."

Ungo ukamtoka mapajani, maharage yakamwagika sakafuni. Akalia, wanangu. Mwanamke ambaye mji mzima ulisema alishapoa alilia mpaka majirani wakatoka, wakasimama mlangoni wasijue waingie au warudi. Nikawaambia waingie. Nilikaa naye mpaka jioni, na kesho yake nikarudi, na Jumapili nikarudi tena, na sikuacha kwenda mpaka tulipomzika.

Majirani waliyasikia yale maneno siku ile, wakayabeba, yakafika sokoni na kanisani, na jana yamefika kwenye kikao chenu. Kwa hiyo mtoto asipolalamika, mgonjwa akitulia, mzee wa jirani asiposikika siku tatu, msiseme ni amani. Inukeni mwende mkaone. Maji yaliyosimama hayaleti habari.