Mpimaji Asiyechimba Shimo

Kaeni mtulie, na mwenye kubisha angoje nimalize. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mvua ilikuwa imewasahau wanyama misimu miwili, mlimani majani yamekauka, na mto wenyewe umebaki mchirizi ambao hata kobe angeuvuka bila kulowa mgongo. Majani mabichi yalipatikana bondeni tu, kando ya maji.

Na bondeni ilikuwa ruhusa kula, marufuku kulala. Wazee wao walikuwa wamepanga mawe makubwa pale maji ya mafuriko yalipokomea, na kila mafuriko mapya yakipita, mawe yalipangwa upya kwa kufuata alama za matope kwenye miti. Chini ya mawe hakuna kujenga, hakuna kuchimba shimo, hakuna kuzaa. Asubuhi unashuka, jioni unapanda.

Kupanda huko ndiko kulikomtesa Bi Swala. Alikuwa na mtoto aliyezaliwa katikati ya ukame, miguu kama njiti, na kila jioni alimsukuma kwa pua mpaka kichakani kwao juu, penye chemchemi ndogo isiyokauka. Aliogopa kwamba siku moja mtoto atalala njiani asiamke tena.

Kichaka hicho Sungura alikuwa anakitamani siku nyingi. Sungura mnamjua, hajawahi kuomba kitu anachoweza kukipata kwa kuzunguka. Akaenda kwa Simba.

"Mheshimiwa," akasema, "yale mawe yananikera kwa ajili yako. Yanasema kwamba kuanzia pale kwenda chini, mwenye amri ni mto."

Simba akasimamisha masikio. "Mto?"

"Ndivyo mawe yanavyosema. Mimi siwezi kusema hivyo."

Siku hiyohiyo Sungura akateuliwa kuwa mpimaji, apange mpaka upya. Kusukuma mawe hakuweza, kwa hiyo akamwajiri Fisi: kila jiwe likisogezwa, mfupa mmoja kutoka kwenye makombo ya Simba. Hakumwambia yasogezwe mpaka wapi. Fisi akayasukuma yote, akala. Akaona mawe bado yapo, akayasukuma tena, akala tena. Jua linakuchwa, mstari wa mawe ulikuwa ng'ambo ya pili. Kwa mpaka mpya, mto ulikuwa nchi kavu.

Simba akaja kukagua. Akayaangalia mawe, akayaangalia maji yanayopita katikati ya nchi kavu, na kwa kuwa hakutaka ionekane kuna jambo asilolielewa, akasema kazi ni nzuri. Wanyama wakaanza kugawiwa viwanja.

Bi Swala hakuwa mjinga. Alimfuata Sungura akamuuliza kama kweli mtoto anaweza kulala kule chini masika yakija.

"Mama, wewe lala usingizi," Sungura akamjibu. "Mafuriko ni mambo ya zamani."

Bi Swala akamtazama mwanawe, akakubali. Akapewa kiwanja chenye majani mengi, naye akamwachia Sungura kichaka na chemchemi yake.

Sungura ameshajitwika mzigo apande mlimani, Simba akamwita mbele ya wote. Simba akishasifiwa hushukuru kwa nguvu. Alitangaza kwamba yeye mwenyewe anahamia bondeni, na kwamba mpimaji wake atapewa kiwanja cha heshima, cha mbele kabisa, karibu na maji kuliko wote. Sungura akataja maumivu ya kifua. Simba akasema hewa ya mto ni dawa ya kifua. Kukataa ilikuwa ni kukiri, na kukiri kwa Simba ni kuliwa. Sungura akatoa shukrani.

Basi wakakaa. Fisi akachimba shimo la vyumba viwili. Mtoto wa Swala akaota nyama mbavuni, akaanza na kurukaruka. Sungura alishinda juu ya kichuguu na kulala juu ya kichuguu, akikitazama kichaka chake kipya kule mlimani, kitupu.

Muda si mrefu mawingu yakatanda mbali, upande mto unakotoka. Bondeni halikudondoka hata tone, lakini maji yalibadilika rangi, yakaanza kuleta povu na mabua. Bi Swala akatazama huku na huku amwone mtu mwenye wasiwasi kama yeye. Ndipo macho yake yalipoangukia kiwanja cha Sungura. Sungura, mchimbaji kuliko wote, hakuwa amechimba shimo. Hata la kutosha mguu mmoja. Bi Swala akamwinua mwanawe, akaanza kupanda.

"Nani kakuruhusu kuhama?" Simba akauliza.

"Mheshimiwa, namfuata mpimaji wako. Tangu tuje hapa hajachimba. Na mimi mtoto ninaye huyu mmoja tu."

Simba akamgeukia Sungura. "Chimba."

"Hapa, Mheshimiwa?"

"Hapo pakavu."

Sungura akachimba, taratibu sana. Hata kabla mkono haujazama wote, maji yakachipuka kutoka chini, meusi na baridi, yakalijaza shimo mpaka juu.

"Hilo ni jasho la ardhi," Sungura akasema.

Simba akatazama miguu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imelowa. "Na hili?"

Sungura alikuwa ameshageuza mgongo. Wakatimua mbio wote, wakimfuata Bi Swala ambaye alikuwa ameshatangulia. Hakufa hata mmoja. Vyumba viwili vya Fisi vilikwenda na mto, na maji yakaja kusimama palepale mawe yalipokuwa zamani.

Simba alitangaza kwamba siku zote alijua. Maji yalipopungua, Fisi akayarudisha mawe mahali pake pa zamani, safari hii bila mfupa. Bi Swala akarudi kichakani kwake, akanywa na mwanawe, akalia kwa hasira. Kisha akasikia kwamba Sungura ataliwa jioni, akashuka kuwazuia.

"Msimle," akasema. "Mpeni shimo kwenye jiwe la chini kabisa, awe analala hapo kila masika. Sisi anatudanganya. Ngozi yake hajawahi kuidanganya."

Tangu hapo mawingu yakitanda, hakuna anayehangaika kukagua mawe. Wanachungulia tu kama Sungura yumo shimoni. Akiwemo, wanalala.

Nimemaliza. Sasa mwenye kubisha abishe, lakini kwanza aniambie yeye analala wapi.