Uzio Hukaguliwa Upande wa Mbuzi

"Uzio hukaguliwa upande wa mbuzi." Mnacheka, wanangu, kwa kuwa mmeisikia kwa watu wa kompyuta ambao hawajawahi kufuga hata kuku. Lakini methali hii ilizaliwa kwao, na ilizaliwa namna hii.

Lusajo alikuwa fundi kijana wa mitambo ya kompyuta, mjini Mbeya. Asubuhi moja Mama Atupele, msimamizi wa kituo cha maziwa kijijini Itebelo, alimpigia simu kuomba msaada. Tangi limeacha kupoza, na ndani mna maziwa ya kijiji kizima. Jua likipanda, yatachacha yote.

Dawa ilikuwa mistari michache ya msimbo, yaani amri za kompyuta, ya kunakiliwa na kubandikwa kwenye kompyuta ya tangi. Mistari ya aina hiyo haisomeki kwa simu, kwa hiyo Lusajo akaandika barua pepe. Akaanza na shikamoo, akatoa pole, akauliza hali ya wajukuu, maana alilelewa vizuri. Kisha akaandika amri ya kuwasha baridi, akaipaka rangi ya kijani. Chini yake akaweka amri ya kuoshea tangi, ambayo humwaga kwanza kila kilichomo, akaipaka nyekundu, ili mama aijue na asiiguse. Akajiona bingwa, kidole tayari kutuma.

Mkuu wake, Mzee Ambakisye, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umejitumia kwanza?"

"Ya nini, mzee? Nimeweka uzio wa rangi. Ya kijani anainakili, nyekundu anaiacha."

"Baba yangu akimaliza kuzungushia shamba uzio, alikuwa anatoka nje, anainama, anautazama kutokea anaposimama mbuzi. Ukiwa ndani, kila uzio ni mzuri."

"Kwa hiyo Mama Atupele ndiye mbuzi?"

"Akikusikia atakunyima mtindi! Jitumie, bwana."

Lusajo akajitumia, akaifungua barua kama inavyofunguka kwenye kompyuta ya kituo, inayoonyesha maandishi matupu. Rangi hazikuwepo. Shikamoo, wajukuu, amri njema na amri mbaya, vyote vilikuwa vyeusi na vimefuatana kama siafu. Mama angenakili amri zote mbili, na maziwa ya watu yangemwagika mtaroni.

Akaifuta kabisa ile mbaya. Iliyobaki akaizungushia vistari, juu akaandika ANZA HAPA, chini ISHIA HAPA. Akajitumia tena, akaona uzio umesimama. Ndipo akatuma.

Simu ililia chai yake haijapoa.

"Linanguruma, mwanangu! Tangi linanguruma!"

Lusajo akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. Ahueni aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata tena maishani.

Tangu hapo, barua yenye msimbo ikitaka kutoka pale ofisini, lazima mtu aulize: umeiona kama atakavyoiona anayeipokea? Siku hizi wameona swali hilo ni refu. Husema tu: uzio hukaguliwa upande wa mbuzi.